Wanawake hawaji kwenye kikao chako?

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje: unatafiti sumukuvu, ile sumu ya fangasi wanaoota kwenye nafaka, kwenye mahindi huko Chamwino, Dodoma, na kati ya watu thelathini waliokuja kikaoni, wanawake walikuwa wanne, tena kimya.

Kwanza, kikao ulikiita saa ngapi? Saa nne asubuhi mama yuko shamba au kwenye foleni ya maji, ndoo ya lita ishirini na mtoto mgongoni. Mtumie balozi wa nyumba kumi akuulizie muda unaowafaa. Wanawake wakae peke yao, na mdadisi, yaani anayeuliza maswali, awe mwanamke anayejua Kigogo. Bibi wengi Kiswahili wanakisikia, ila mambo ya ghalani wanayasema kwa lugha yao.

Halafu dodoso lako. Linamuuliza "mkuu wa kaya", naye ni baba. Anayeanika, anayepukuchua na kuchambua punje zilizooza mara nyingi ni mama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, nawe unataka kujua mahindi yalipata unyevu wapi kwa kumuuliza asiyeyagusa! Mimi niliwahi kukosea hivyohivyo. Mzee alinijibu kwa madaha kwamba mahindi huanikwa juu ya turubai. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikayakuta chini, kwenye udongo, kuku wanapita juu.

Na yule msaidizi wako wa kike unayesema anaandika mihtasari na kuagiza chai: mpe naye kuongoza mahojiano, na jina lake liwemo kwenye andiko. Hilo usisubiri profesa akukumbushe.