Kabla Hujaongeza Shamba, Pima Mboji

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, bustani yangu ya kilimo hai ya robo ekari inanilipa, na jirani yuko tayari kunikodisha ekari nzima. Niichukue?" Nikamuuliza ana mboji, yaani mbolea ya majani na samadi iliyooza, kiasi gani. Hajarudi mpaka leo. Nadhani alitaka pongezi.

Basi nimjibu hapa, maana haupiti msimu bila kuulizwa swali hili. Kutandaza mboji unene wa sentimita 2.5 tu kwenye ekari moja kunataka takriban mita za ujazo 100. Rundo lenye mita moja na nusu kila upande halifiki hata mita za ujazo 3.5, na likishaiva hunywea hadi karibu nusu. Piga hesabu: ni marundo kama 60. Nani atayapindua? Nyasi, majani makavu na samadi vitatoka wapi? Hata ukiweka kwenye matuta peke yake ukaacha njia, kazi bado ipo. Mboji ikipelea, mboga zinaanza kuwa njano, na hapo ndipo mfuko wa mbolea ya chumvichumvi unapoanza kukukonyeza.

Mimi nilikataa kukimbia. Mnunuzi wangu mkubwa alitaka mzigo mara tatu ya niliokuwa nao, nikamwomba avumilie udongo ukae sawa. Akacheka, akahamia kwa mwingine bila hata kuaga, kreti za spinachi zikaninyaukia barazani. Majirani wakaniita mwoga. Sijasahau. Leo shamba limekua na wateja wananifuata wenyewe; hata yule bwana kanipigia hivi karibuni, nikamwambia asubiri zamu yake. (Ndiyo, nilifurahi kumwambia hivyo.)

Nilikuza kipande kwa kipande. Kipande kipya nakipanda kwanza marejea na fiwi, mimea ya jamii ya kunde inayorutubisha udongo, naikata pale maua yanapoanza tu kuchanua, kabla shina halijawa gumu. Mizizi naiacha ardhini, majani yanakuwa matandazo. Kisha nachimbua kidogo kwa jembe. Nikikuta udongo unaovunjika mkononi kama makombo ya mkate, wenye minyoo na harufu ya msitu baada ya mvua, napanda mboga. Nikikuta bonge linalong'aa pale jembe lilipopita, narudia marejea. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato, na wanaokuuzia njia ya mkato hawatakuwepo mavuno yakikwama.

Uliza pia kilichopuliziwa hapo zamani. Ukitaka cheti cha kilimo hai kwa kanuni za Marekani, lazima ipite miaka 3 tangu dawa iliyokatazwa itumike mara ya mwisho hadi mavuno yako. Umoja wa Ulaya unataka miaka 2 kabla ya kupanda mboga, na 3 kabla ya kuvuna miti ya matunda. Ndiyo maana miti naitanguliza: inangoja huku inakua, mboga zinakaa katikati mpaka kivuli kizizidi.

Na wewe wa robo ekari, usitie saini kwa tamaa. Dai miaka mitano au zaidi, kwa maandishi, kwa sababu udongo ukishanona mwenye shamba atautaka. Akishikilia mkataba wa msimu mmoja, mwachie ekari yake.