Binti yangu aliambiwa asubiri: kwa wazazi wenzangu mlioomba vyuo mapema

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwishoni mwa Januari, na mimi nimeshavaa sare tayari kwenda zamu ya usiku. Binti yangu alikaa mezani na kompyuta, mdogo wake kasimama nyuma ya kiti. Majibu yalikuwa yatoke saa kumi na moja. Akafungua, akasoma, akanyamaza. Kisha akanigeuzia kompyuta nisome mwenyewe.

Barua ile haikuwa na hongera wala pole. Ilisema uamuzi juu yake umeahirishwa. Mimi nilisoma chuo Tanzania, na kwetu ukisikia mwanafunzi kaahirisha, ujue karudi nyumbani na ataanza tena mwaka unaofuata. Neno la Kiingereza ni lile lile, defer. Nikamwambia, "Basi mwanangu, mwakani si mbali." Machozi yakamtoka. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi usiku ule ni kuona hata mama yake haelewi kilichompata.

Saa nne usiku niko kazini, Tanga kumepambazuka, bibi yake akapiga.

"Mjukuu wangu kapata?"

"Bado, mama."

"Kwa hiyo wamemkataa."

"Hawajamkataa."

"Sasa wamesema nini?"

Nikakosa la kumjibu. Mzazi mwenzangu uliye huku Marekani, nakuandikia ili siku hiyo ikikufikia wewe uwe na la kujibu.

Vyuo vikuu vya umma vinavyogombewa sana, kama North Carolina pale Chapel Hill, Georgia Tech na Virginia, hufunga kupokea maombi ya mapema kati ya katikati ya Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Mtoto aliyeomba hivyo anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa, au faili lake likahamishiwa kwenye kundi la waombaji wa kawaida lisomwe tena, jibu litoke kwenye mwezi wa Machi. Hilo la mwisho ndilo lililotupata sisi. Haombi upya, halipi tena ada ya maombi, na nafasi anayoigombea ni ya mwaka huu huu. Msiichanganye na orodha ya kusubiri. Ile huja mwishoni, baada ya chuo kumaliza kuchagua, na mtoto anangoja wengine wakatae nafasi zao.

Kwa nini wanaahirisha? Mtoto anapoomba Oktoba, chuo kinaona alama zake za hadi darasa la kumi na moja. Za mwaka wa mwisho bado. Akiwa mzuri lakini kuna somo moja lililoyumba, wanataka kuona nusu ya kwanza ya mwaka huo kabla ya kuamua. Na wakati huo hawajawaona bado waombaji wote.

Kuna jambo jingine ambalo mimi sikulijua, na ninatamani mtu angenikalisha chini akanieleza tangu Septemba. Chuo cha umma ni cha jimbo. Kodi za wananchi wa jimbo ndizo zilizokijenga, na watoto wao ndio wa kwanza. Chapel Hill imewekewa kikomo tangu 1986: wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza wanaotoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 18. Virginia, takriban theluthi mbili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ni watoto wa Virginia. Sisi tulikuwa tunaomba kwenye jimbo tusiloishi. Binti yangu alishindana kwenye mlango mwembamba kuliko tulivyodhani, na nilipolijua hilo niliacha kumuuliza amekosea wapi.

Haya, barua imefika. Ngojeni kesho yake, mtoto ameshalala na kula, kisha isomeni tena pamoja, mstari kwa mstari. Vyuo vinatofautiana. Vingine vinataka mtoto ajaze fomu fupi ya kuthibitisha kwamba bado anakitaka chuo, na asipoijaza kwa wakati faili lake linafungwa. Vingine vinasema wazi visitumiwe barua zaidi za mapendekezo. Fuateni kilichoandikwa. Kwetu kiungo cha fomu kilikuwa kidogo, chini kabisa baada ya salamu za mwisho, na mimi nilikipita mara mbili. Mdogo wake ndiye aliyekiona.

Kisha alama. Kwa maoni yangu hili linazidi mengine yote. Wiki ile ya kwanza binti yangu hakugusa kazi za shule. Alirudi, akafunga mlango, akalala. Nilimwacha siku tano. Siku ya sita nilimwambia kwamba ripoti ya nusu mwaka ndiyo itakayomsemea, na kwamba kemia aliyoanza nayo vibaya Septemba ndiyo hiyo wanayoitazama. Ilikuwa imepanda kutoka B hadi A, lakini chuo kingejuaje kama ripoti haijatumwa? Mshauri wa shule anahudumia wanafunzi mamia. Binti alichapisha orodha ya vyuo vyake vyote na tarehe zake, akaipeleka ofisini mwenyewe, na baada ya wiki akarudi kuhakikisha. Mfundishe wako afanye hivyo. Adabu haimzuii mtu kuulizia.

Halafu barua ya kusema bado nakitaka chuo hiki, kama chuo kinaipokea. Rasimu ya kwanza tuliiandika pamoja na ilikuwa mbaya, na kosa lilikuwa langu. Nilitaka aeleze tulivyohama, zamu zangu za usiku, baba yake alivyofariki. Nilitaka wamwonee huruma. Akaniambia, "Mama, hayo yote yako kwenye insha yangu. Wameshasoma." Alikuwa sahihi. Barua aliyoituma haikufika ukurasa mmoja. Ilisema alama ya kemia imepanda. Ilisema tangu Desemba yeye ndiye anayepanga ratiba ya wenzake wanaowafundisha watoto hesabu maktaba ya mtaa kila Jumamosi. Alipoomba Oktoba alikuwa msaidizi tu. Ikataja masomo anayotaka kusoma pale na sababu. Shukrani, jina, basi. Barua moja inatosha, na aandike mtoto mwenyewe.

Na msianze kumtafuta mtu wa ndani. Najua tulivyozoea. Mimi nilimpigia ndugu mmoja wa nyumbani anayefundisha chuo kingine, nikamwomba amwandikie. Alinijibu kwa upole: "Dada, mimi mtoto sijawahi kumfundisha. Nikiandika, watasoma kwamba tunasukuma mlango." Nilimshukuru, na bado namshukuru.

Sasa pesa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Maombi ya mapema yako ya aina mbili. Early Action haimfungi mtoto. Akikubaliwa anaendelea kulinganisha vyuo hadi tarehe 1 Mei. Early Decision, ambayo Virginia wanayo pia, inamfunga: akikubaliwa anaondoa maombi yake mengine yote, na njia ya kawaida ya kujitoa ni msaada wa fedha usipotosha. Mwaka 2006 Virginia wenyewe waliifuta kwa kuwa iliwapa nafuu wenye uwezo. Mwaka 2019 wakatangaza kuirudisha. Kama nyumba yako inahitaji kulinganisha ofa za msaada, na nyumba nyingi za kwetu zinahitaji, usimruhusu mtoto atie saini ya kufungwa kwa sababu tu marafiki zake wamefanya hivyo.

Jazeni FAFSA, ile fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa fedha za chuo, mapema bila kungoja majibu. Mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili, si raia peke yao. Wenye viza ya masomo hawamo. Na piga hesabu ya ada ya mkazi na asiye mkazi kabla ya kuomba. Chapel Hill, wa nje hulipa zaidi ya mara nne ya mwenyeji.

Wenye watoto California, vyuo vya University of California havina maombi ya mapema kabisa, kwa hiyo huko kiherehere cha Januari hakiwahusu.

Wiki ya mwisho ya Machi jibu lilitoka: amekubaliwa. Tulifurahi, tukalia, nikapika pilau usiku ule ule. Kesho yake tukakaa na karatasi mbili za gharama, ya kule na ya chuo cha jimbo letu kilichokuwa kimeshamkubali, tukazitazama hadi usiku. Uamuzi aliufanya yeye.

Nikampigia mama Tanga.

"Kapata," nikamwambia. "Ila anakwenda chuo cha huku huku kwetu. Ada yake tunaiweza."

Akanyamaza kidogo. "Ni mbali na nyumbani?"

"Dakika arobaini kwa gari."

"Basi mwambie anifundishe hiyo simu ya video kabla hajaondoka."