Nani kakupa haki?

SWALI: Naandaa kijitabu cha Kiswahili kwa wenzetu waliohamia hapa Ohio. Katiba ya jimbo, ikishamaliza kutaja haki za raia, inasema kutajwa huko kusichukuliwe kuwa kunafuta haki nyingine za wananchi zisizotajwa. Nimeandika “haki nyingine ambazo katiba imewabakizia wananchi”. Mwenzangu anashikilia “haki zilizobakizwa na wananchi”. Nani yuko sawa? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Hakuna. Mwenzako kakosea kidogo, wewe umekosea sana.

Kubakiza ni kuacha sehemu ya kitu baada ya kukitumia. Aliyebakiza wali kashiba, na kilichobakizwa ni kiporo. Kwa sentensi ya mwenzako, wananchi wamezila haki wakashindwa kuzimaliza. Hilo linatibika: “walizojibakizia”, au kwa wasiopenda vitenzi virefu, “ambazo wananchi wamebaki nazo”.

Lakini wewe umeifanya katiba kuwa mgawaji, na hapo umenigusa donda. Washa redio, soma gazeti, sikiliza mikutano ya siasa: “haki tulizopewa na katiba”, “katiba inampa mwananchi uhuru wa kusema”, na kuna wanaothubutu kusema “serikali imetoa haki ya kukusanyika”. Imeitoa ghala gani? Kupa kunataka watu wawili, mwenye kitu na asiye nacho. Na aliyepewa hutarajiwa kushukuru, ndiyo maana wakubwa wanakipenda sana kitenzi hiki.

Kifungu chako, cha 20 katika Ibara ya 1 ya katiba ya Ohio ya mwaka 1851, kiliandikwa hasa kumkatalia mgawaji huyo. Kinaongeza kwamba mamlaka yote yasiyokabidhiwa humo yanabaki kwa wananchi. Anayekabidhi ni nani hapo? Alabama ilikuwa na kifungu cha namna hiyo tangu 1819, California tangu 1849, na wote wanafuata Marekebisho ya Tisa ya Katiba ya Marekani, ya 1791.

Mfano wangu ni wa kofia, na nitaung’ang’ania. Agosti 1789, Baraza la Wawakilishi la Marekani likijadili marekebisho ya haki katika katiba hiyo, Theodore Sedgwick wa Massachusetts aliona ni upuuzi kuitaja haki ya kukusanyika. Kwa mwendo huo, alisema, si tuandike pia kwamba mtu ana haki ya kuvaa kofia akitaka, kuamka apendapo na kwenda kulala aonapo inafaa?

Sasa ipime sentensi yako: “Katiba imembakizia mwananchi haki ya kuvaa kofia.” Mzee anatoka msikitini Ijumaa, kofia ya viua kichwani. Kofia kashonewa na mkewe. Haki ya kuivaa kashonewa na nani? Aliyekupa kofia akiitaka tena, utasema kabadili nia. Asiyekupa akikuvua, huyo ni mnyang’anyi. Kila tunaposema “katiba imetupa”, tunamsafishia jina mnyang’anyi.

Na hatuna kisingizio. Ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania inasema: “Kila mtu anayo haki ya kuishi”. Anayo! Sisi wasomaji ndio tuliogeuza ikawa “anapewa”. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 19, imemaliza ubishi: haki hizi ni za kila mtu wala hazitolewi na Serikali.

Asili ya neno? Kiarabu. Haki na hakika ni ndugu. Hakimu na mahakama ni wa ukoo wa hukumu, ingawa wote tunawakuta jengo moja, wakati mwingine.

Sikatai kupa kila mahali. Siku 84 za likizo ya uzazi ni sheria ya kazi ya Tanzania iliyozitoa. Sema “imempa”, sitagomba. Kwa haki za kuzaliwa nazo, katiba hutambua, hulinda, hutaja.

Basi andika: “Kutajwa kwa haki hizi kusichukuliwe kuwa kunapunguza au kunakana haki nyingine ambazo wananchi wamebaki nazo.” Na kwa kuwa Mtanzania akisikia “jimbo” humfikiria mbunge wake, anza na “jimbo la Ohio” kwa ukamilifu. Mchapaji akilalamika nafasi, akate popote, lakini “wamebaki nazo” asiiguse.