Kinywa kikikauka baada ya hedhi kukoma, yaangalie meno

Joto la ghafla na jasho la usiku tunayazungumza sana sisi wanawake wa umri huu. Mate hatuyazungumzi. Mimi hedhi ilipoanza kurukaruka hadi ikakatika, kilichonisumbua zaidi kilikuwa kinywa. Usiku naamka ulimi umegandamana na kaakaa, na asubuhi andazi halimezeki mpaka nilichovye kwenye chai.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita 1.5 kwa siku. Tezi za mate na ngozi laini ya ndani ya kinywa hupokea homoni ya estrojeni. Homoni hiyo ikishuka hedhi inapokoma, baadhi yetu mate hupungua au huwa mazito. Wengine ulimi huwaka moto na chakula hubadilika ladha.

Kinachonitia hofu zaidi ni meno. Mate huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na huyarudishia meno madini ya kalsiamu na fosfeti. Yakipungua, meno huoza upesi, hasa kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi. Ndiyo maana dada zangu nawasihi msikimbilie pipi. Ni kweli zinaleta mate, lakini sukari yake inabaki kinywani na cha kuiosha ni kidogo. Kunyonya ndimu nako kunayala meno. Mimi baada ya kula natafuna bigijii isiyo na sukari, na maji nayanywa funda dogo dogo mchana kutwa. Usiku napiga mswaki kwa dawa yenye floridi, natema povu, sisukutui, ili dawa ibaki kwenye meno. Kahawa nimepunguza. Dawa za kusukutua zenye alkoholi ziacheni, zinazidi kukausha.

Ila tusisingizie umri kwa kila kitu. Dawa za presha, hasa zile za kukojoza, dawa za mzio na baadhi ya dawa za sonona hukausha kinywa, na wengi wetu tunaanzishiwa dawa hizo umri huu huu. Beba pakiti zako zote umwoneshe daktari; usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Kama una kiu isiyokatika na unakojoa mara kwa mara, kapime sukari. Kama na macho yanakauka na kukwaruza utadhani yana mchanga, mwambie pia, maana kuna ugonjwa uitwao Sjögren ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na machozi, na huwapata zaidi wanawake. Utando mweupe ulimini huweza kuwa fangasi, nayo inatibika.

Kwa daktari wa meno sema wazi kwamba hedhi imekoma na mate yamepungua. Usipomwambia, huenda akashughulika na jino linalouma tu. Muulize kuhusu kupakwa floridi, na mpange tarehe ya kurudi hata kama hakuna jino linalouma.