Maswali na Majibu: Chipu za Vijifereji na Seli Moja Moja

Kila asubuhi nakuta viputo vya hewa kwenye chipu yangu, kile kibamba chenye vijifereji vyembamba ninamokuzia seli chini ya hadubini. Je, ninunue pampu bora zaidi? (Kisumu)

Swali hili limekwisha kujibiwa hapa, na anayelirudia bila kueleza jinsi alivyoandaa kiowevu chake cha lishe anatupotezea wakati. Kiowevu kilichotoka kwenye jokofu hubeba hewa nyingi iliyoyeyuka, na kinapofika nyuzijoto 37 hewa hiyo haina budi kutoka, nayo hutokea palepale penye seli; kiputo kimoja kikipita, huzifagia zote. Kipashe kwanza hadi joto la kazi, kitoe hewa kwa ombwe, jaza mirija polepole huku ukiimulika, kisha kagua kila kiungo. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie pampu. Maabara zetu zina pupa ya kuomba fedha za mitambo kabla hazijajua kuandaa chupa moja ya lishe.

Kwa nini nihangaike na seli moja moja ilhali chupa nzima ya bakteria hunipa jibu haraka? (Kakamega)

Kwa sababu chupa hukupa wastani, na wastani huwameza wachache. Mwaka 2004, Nathalie Balaban na wenzake walifuatilia bakteria wa E. coli mmoja mmoja kwenye vijifereji, wakaonyesha kwamba walionusurika ampisilini, dawa ya kuua bakteria, walikuwa wamekwisha kupunguza au kusimamisha ukuaji kabla ya dawa kuwafikia. Mwaka 2010 kikaja kifaa ambacho sasa wengi hukiiga: vijifereji vyenye upana wa takriban mikromita moja, vilivyozibwa upande mmoja, ambamo seli mama hubaki kwenye ncha huku vizazi vyake vikisukumwa nje na kuzolewa na mkondo wa lishe. Hata hivyo, usitazame seli kumi ukatangaza kanuni.

Seli zangu huacha kugawanyika baada ya saa chache, ingawa lishe inapita vizuri. (Nakuru)

Unaziunguza kwa mwanga. Punguza picha za mwanga wa buluu, na utenge vijifereji usivyovimulika kabisa ili upate cha kulinganisha.

Naweza kuosha chipu niliyopitishia dawa ili niitumie tena? (Njoro)

Hapana. Mpira wa silikoni, ambao ndio hutengenezea chipu nyingi za aina hii, hunyonya dawa zinazoyeyuka katika mafuta, kisha huziachia taratibu, nawe utaandika kwamba seli mpya ni dhaifu.