Shangazi, nimeitwa intavyuu ya umeneja, nitarajie nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni supavaiza kwenye kampuni ya kliaringi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Mombasa, mwaka wa saba huu. Nimeitwa intavyuu ya meneja wa oparesheni kwa kampuni kubwa, nimeambiwa nitakaa mbele ya watu 4 na mmoja wao atakuwa kwa Zoom kutoka Nairobi. Intavyuu yangu ya mwisho niliulizwa tu kama najua kujaza entri, zile fomu za forodha, nikaambiwa nianze Jumatatu. Hii ya umeneja huulizwa nini? Naogopa kweli.
Mvuka Feri, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, maana watu 4 hawaachi kazi zao kuja kukusikiliza kama sivii yako haijawavutia. Nimekaa kwenye paneli kama hizo miaka mingi nikiwa HR, kwa hivyo nakwambia nilichokiona.

Usiende kujisifu kuwa wewe wajua kutoa kontena, hilo washalisoma kwenye karatasi. Meneja hulipwa kwa kazi inayofanywa na watu wengine, na maswali karibu yote yatazunguka hapo hapo: uliongoza watu wangapi, nani alikusumbua na ukafanyaje, bosi akitaka kisichowezekana wamwambiaje. Halafu watasema "tupe mfano" na hapo ndipo wengi huzama. Ukijibu "mimi hushirikiana vizuri na wenzangu" basi hujajibu kitu.

Siku moja tuliwauliza watu wawili swali moja, kosa la mtu wako lililoleta hasara. Wa kwanza akasema kwake hakuna makosa. Wa pili akanyamaza kidogo, kisha akasema karani wake aliandika uzito kimakosa kwenye entri, forodha wakaushikilia mzigo, kontena 2 zikalala bandarini siku 9, storeji, ada ya kulaza mzigo bandarini, ikapanda, na juu yake demareji, ada ya meli ya kuchelewesha kontena. Alimpigia mteja asubuhi ile ile kabla hajasikia kwa mtu mwingine, akafuatilia marekebisho, kisha akaweka sheria kuwa hakuna entri inayotoka bila mtu wa pili kuisoma, na yule yule karani ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea wenzake entri zao. Mkuu wa fedha, ambaye tangu asubuhi alikuwa na simu mkononi, akaiweka mezani. Huyo ndiye tuliyemchukua.

Kwa hivyo leo usiku kaa uandike visa vyako vitano, viwili viwe vya kushindwa, na kila kimoja kiwe na nambari ndani yake, siku ngapi, shilingi ngapi, watu wangapi.

Mtu wa fedha atakuuliza bajeti na watu wa oparesheni hapo hugugumia sana, pitia gharama za idara yako ujue pesa nyingi huenda wapi na ungepunguza wapi. Yule wa Zoom usimsahau, ukimjibu tazama kamera. Wakikuuliza siku 90 za kwanza utafanya nini usiahidi kupindua ofisi nzima, sema utawasikiliza watu wako na wateja wakubwa kwanza, kisha taja kitu kimoja utakachorekebisha. Na usishangae ukiitwa tena kufanya prezentesheni au kuonana na mkurugenzi, umeneja mara nyingi hauishi kwa kikao kimoja.

Mshahara nao, usitaje nambari moja, taja kutoka hapa mpaka hapa, na uulize wanazungumzia kabla ya makato au baada, maana kuna kodi ya PAYE, akiba ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5, mtu hufurahia nambari kubwa halafu mwisho wa mwezi anashika kichwa. Uliza pia kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kisizidi miezi 6, na wakitaka kukiongeza ni mpaka wewe ukubali.

Mwisho watakuuliza kama una swali, tafadhali mwanangu usiseme hapana. Waulize aliyekuwa meneja kabla yako yuko wapi, alipandishwa cheo au aliondoka, jibu lao litakwambia mengi kuhusu kiti unachotaka kukalia.

Siku yenyewe vuka mapema, wajua feri na asubuhi. Na wakikupa barua ya kazi niandikie kabla hujasaini.