Re: Timu yangu inaogopa kujaribu mbinu mpya

Mkuu, umeuliza kwa nini timu yako inaitikia "sawa bosi" kikaoni, halafu kila mtu anarudi kufanya kazi vilevile. Jiulize kwanza: mara ya mwisho mtu alipojaribu kitu kikagoma, ulimwambia nini? Kama alisemwa mbele ya wenzake, wote walishapata somo, na hotuba zako haziwezi kulifuta.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochunguza timu za wauguzi hospitalini miaka ya 1990, alikuta timu zilizoonekana bora ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake: huko watu hawakuogopa kusema. Kwa hiyo ukisikia kimya, usishangilie.

Halafu punguza ukubwa wa jaribio. Kwa mfano, usibadilishe fomu ya ripoti kwa idara nzima. Wape watu wawili, wiki mbili, na muandike mapema mtaacha lini ikishindikana. Mimi nikiwa msimamizi nililipuuza hilo (ujeuri tu). Tulianzisha ratiba mpya ya zamu bila tarehe ya kuipima, ikabaki kwa mazoea, na malalamiko hayakuisha.

Na muda je? Kampuni ya Marekani ya 3M iliwaruhusu watafiti wake kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwa mawazo yao wenyewe. Si lazima ufike huko, ila ukisema "jaribuni" huku malengo ya wiki yako palepale, wamekuelewa vizuri: hujamaanisha.

Kikao kijacho, anza kwa kutaja jambo ulilolikosea wewe.